Kizibao Chekundu Kilichofuliwa

Kambini, Vietinamu Kusini
Tarehe 4 Machi, mwaka wa Buddha 2512

Dada Samniang,

Popote ulipoishika barua hii, iwe jikoni au sokoni, jua kwamba mdogo wako nimekuinamia, viganja vimeungana mbele ya uso. Mimi ni mzima. Tumbo lilinisumbua siku mbili melini, kisha likatulia. Nyumbani je? Nyati wetu wa kulimia amezaa, au bado anajivuta? Mjomba Phin anakitunza kile kiapo cha kuacha pombe alichokula siku ya kuniaga, au kiliisha treni ilipoondoka?

Huku joto ni kama la kwetu, ila vumbi ni jekundu na linaingia hadi kwenye wali. Waamerika wako ng'ambo ya barabara. Wanatushangaa kwa hirizi zetu, na wengine wanataka kununua. Chalong, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, amempa mmoja wao kokwa ya ukwaju iliyofungwa uzi, na jamaa anaivaa mpaka leo kwa heshima kubwa.

Kikosi chetu kidogo ni watu tisa. Mkubwa wetu ni Sajenti Thawi, baba wa watoto wanne, mwenye sauti ya muuza samaki. Siku ya kwanza kila mtu alitoa kinga yake tuione. Kulikuwa na vibati vilivyoviringishwa vyenye maandishi ndani, meno ya nguruwe mwitu, sanamu ndogo za Buddha, na kwa wawili watatu kipande cha shuka la mama mzazi kilichoshonwa ndani ya kofia. Chalong peke yake ana hirizi kumi na moja shingoni, na bado analala na viatu.

Mimi nilipotoa kizibao alichoniandikia maneno ya kinga Baba Mtawa Phum, wote walisogea karibu. Sajenti alikigusa kwa vidole viwili, akauliza, "Ni yule mtawa ambaye majambazi walimlenga na bunduki ikagoma mara tatu?" Nikamjibu ndiye. Basi tangu siku hiyo nimekuwa mtu mkubwa hapa bila kufanya lolote.

Asante kwa kunifulia nguo zote kabla sijaondoka. Begi zima linanukia sabuni yako.

Mdogo wako,
Kamron


Ban Nong Takhian
Tarehe 30 Machi 2512

Mdogo wangu Kamron,

Barua yako imefika na nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwasomea majirani waliojifanya wamekuja kuomba chumvi. Sisi sote tu wazima. Nyati amezaa dume, mkaidi kweli kweli, nimempa jina la Kamron. Kiapo cha Mjomba Phin kilidumu siku nne. Siku ya tano alionekana akiuamkia mgomba kwa heshima zote, akiuita mheshimiwa mkuu wa wilaya. Biashara ya tambi inakwenda. Wateja wanauliza habari zako kwanza, ndipo wanaagiza.

Sasa sikiliza. Mama alipofariki ulikuwa na miaka mitatu, na mimi kumi na sita. Nilikubeba mgongoni nikisukuma tambi, ukanikojolea, sikusema kitu. Kwa hiyo nina haki ya kukuamuru. Usitangulie mbele. Wenzako wakilala chini, wewe lala chini zaidi. Usikimbilie sifa za mtu yeyote. Na hicho kizibao usikitegemee mno, wala usikitangaze. Kitambaa ni kitambaa, na mwili wako ni mmoja tu.

Kula vizuri. Nimekutumia pilipili iliyosagwa pamoja na samaki mkavu, ficha usionekane na huyo Chalong.

Dada yako,
Samniang


Kambini
Tarehe 11 Mei 2512

Dada Samniang,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa porini majuma matatu. Nashukuru kwa pilipili. Chalong aliipata kwa harufu. Tulikula sote tisa tukilia machozi na kukutaja jina. Sikukuu ya kumwagiana maji tuliisherehekea kwa ndoo mbili, na tukammwagia Sajenti mikononi kwa adabu kama baba, akatubariki, kisha akamtumbukiza Chalong kwenye pipa.

Huwa ninawasomea barua zako kwa sauti, usikasirike. Hapa barua ya mmoja ni ya wote, maana wengine hawapati kabisa. Habari ya Mjomba na mgomba imebidi niirudie mara tano. Wanakuita "Dada wa Tambi."

Ila umenishangaza. Si wewe uliyenipigisha magoti mbele ya Baba Mtawa Phum hadi miguu ikafa ganzi? Si wewe uliyenikaririsha miiko yote ya kizibao, nisipite chini ya kamba ya nguo za wanawake, nisitukane mama wa mtu, nisile boga? Leo kitambaa ni kitambaa? Dada, umeanza lini kutoamini?

Kuhusu kutangulia, amri yako imechelewa. Mimi ndiye ninayetangulia. Porini lazima mmoja awe mbele atazame njia, na Sajenti amenichagua mimi kwa sababu ya kizibao. Kabla hatujaondoka, kila mmoja hunigusa begani akapitisha mkono kichwani mwake. Wawili wana watoto wachanga. Ningewakatalia vipi?

Usiwe na wasiwasi. Natembea polepole.

Kamron


Ban Nong Takhian
Tarehe 18 Juni 2512

Mdogo wangu Kamron,

Mvua imenyesha, tumeanza kupandikiza mpunga. Nyati Kamron ameanguka mtaroni, tukamtoa watu sita. Mjomba Phin ana mguu umevimba lakini mdomo mzima. Hizo ndizo habari, na sina nyingine, basi nitasema.

Kizibao chako nilikifua.

Siku ulipokwenda kuwaaga jamaa upande wa pili wa mto, nilikusanya nguo zako zote chafu. Kizibao kilikuwa kimejikunja ndani ya suruali, sikukiona. Kiliingia kwenye beseni moja na mashuka yangu ya kujifunga kiunoni. Nilipoishika ile suruali kuikamua, nikaona maji mekundu. Nikakianika kambani, na juu yake mashuka yangu yakawa yananing'inia, kabla akili haijanirudia. Maandishi yamefifia kwapani na shingoni. Mgongoni kimeshika buluu ya shuka langu. Nilikipiga pasi, nikakikunja upande mzuri ukiwa juu, nikakiweka chini kabisa ya begi. Nawe ulikwenda nacho.

Unajua kama ninavyojua mimi kwamba hakuna kinachoua nguvu ya kitu kama kile zaidi ya nguo ya mwanamke. Nimekupeleka vitani umevaa kitambaa kitupu.

Nilikwenda kwa Baba Mtawa Phum. Nilikaa mbali kama inavyopasa, nikamweleza nikitazama mkeka. Aliiweka chai yake chini. Kisha akasema, "Mwiko ni wa anayevaa. Kama hajui, yeye hajauvunja. Bado kinamlinda." Nikauliza, akijua je? Akasema, "Akijua, ndio basi."

Kwa hiyo nilinyamaza, Kamron. Miezi mitatu nilikuandikia habari za nyati. Niliona heri nibaki na siri yangu tumboni, wewe ubaki na kinga yako. Lakini sasa wanakuweka mbele. Wanakugusa bega na kukufuata, watu wanane, kwa ajili ya kitu nilichokitia sabuni. Nikinyamaza ukafa, ni mimi. Nikisema ukafa, ni mimi vilevile. Nimezunguka na jambo hili nikisukuma tambi, nikiuza tambi, nikimpa Mjomba uji, na nimeona heri ujue, ili ukatae kutangulia. Mwambie Sajenti kizibao kimeharibika na dada yako ndiye aliyekiharibu. Anilaani, sawa.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, lala chini tu.

Samniang


Ban Nong Takhian
Tarehe 20 Agosti 2512

Kamron,

Sijapata neno lako tangu barua ya Mei. Tarishi akinikaribia anageuza baiskeli, anaona aibu kupita mikono mitupu. Wilayani wanasema hakuna jina lako kwenye orodha, na nimewauliza orodha ipi, wakasema zote.

Kila asubuhi naweka wali kwenye bakuli la Baba Mtawa kwa ajili yako. Hanisemeshi, ila jana alisimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kama umenikasirikia, andika matusi. Yajaze kurasa mbili. Nitawasomea majirani kwa furaha.

Dada yako


Hospitali ya kambi
Tarehe 9 Septemba 2512

Dada Samniang,

Niko hai, niko mzima, sikukasirika. Nimeanza na hayo ili uweze kukaa chini ndipo usome mengine.

Malaria ilinilaza tangu Julai. Barua yako ya Juni iliwafuata wenzangu porini, ikarudi kambini, ikapelekwa kikosi kingine chenye Kamron mwingine, ikaja kunifikia juzi ikiwa pamoja na ile ya Agosti. Wenzangu wote wanane walikuwa wamekuja kunitazama na papai bichi lililopondwa kwa pilipili. Chalong alipoona mwandiko wako akapiga kofi, "Dada wa Tambi! Soma, soma, Mjomba amefanya nini tena?"

Na mimi mpumbavu sikuipitia kwanza. Nikasoma kwa sauti. Mvua, nyati mtaroni, wakacheka. Mguu wa Mjomba, wakacheka. Kisha nikafika kwenye ule mstari wa kizibao, nikaishusha karatasi. Nikasema macho yananiuma. Chalong akaninyang'anya karatasi akaendelea yeye, na kwa kuwa hawezi kusoma kimoyomoyo, aliisoma yote, hadi "lala chini tu."

Sajenti Thawi ndiye aliyeanza.

"Tangu Februari?"

"Tangu Februari, Sajenti."

"Yaani miezi yote hii ulikuwa unatembea mbele yetu uchi."

"Ndiyo, Sajenti."

"Ila hukujua. Barua imefika leo."

Hapo, Dada, nilitakiwa kusema sikujua. Nikashindwa. Nikasema, "Nilijua."

Nawe nakwambia sasa. Nilijua tangu kwenye treni. Nilifungua begi kutafuta shati, harufu ya sabuni ikanipiga, nikakitoa, nikaona buluu mgongoni. Nilikasirika vituo vitatu. Kituo cha nne nikaona umerudishia kifungo kilichokuwa kimekatika, kwa uzi mwekundu uleule, na hasira ikaisha. Ile asante ya sabuni niliyokuandikia ilikuwa ya kweli. Nilitaka pia ujue kwamba najua, lakini nikaogopa ukijua ninajua hutalala usingizi. Kuhusu jinsi kilivyoingia kwenye beseni, umeeleza, nimesoma, sina swali.

Sajenti aliponichagua nilitaka kumwambia. Nikawaona wale wawili wenye watoto wachanga wananitazama. Nikasema kizibao ni kizima. Kisha nikaenda mbele, Dada, na sijawahi kuogopa hivyo maishani. Wanaoamini kinga zao hutembea vifua mbele. Mimi nilitazama kila jani. Nilipiga hatua moja, nikahesabu pumzi tatu, nikapiga nyingine. Wenzangu walidhani nasoma maneno ya Baba Mtawa, kumbe nilikuwa nasema "Dada, Dada, Dada."

Mwezi wa sita mwanzoni niliona waya. Ulikuwa mwembamba kuliko wa kuvulia samaki, umevuka njia kwa kimo cha kifundo cha mguu, na mwisho wake bomu. Mtu asiyeogopa asingeuona. Sote tisa tulirudi nyuma kwa magoti tukinyamaza. Walinibeba hadi kambini wakikisifu kizibao, nami nikawaacha wasifu.

Basi pale hospitali nikawaeleza. Nikaomba radhi kwa kuwadanganya. Sajenti Thawi, mtu mzima, mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo, alivua kofia, akaunganisha viganja, akaviinua hadi kwenye paji la uso akaniinamia mimi niliyelala na kanzu ya wagonjwa. Nikataka kushuka kitandani, akanizuia. "Nina watoto wanne," akasema.

Chalong ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Mimi naomba jambo moja. Dada yake anifulie na changu." Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutufukuza.

Lakini walipokuwa wanatoka, Sajenti alirudi peke yake. Akauliza kwa sauti ndogo, ile ambayo sikujua anayo, kama lile shuka la buluu bado lipo. Unajua wengi hubeba kipande cha shuka la mama. Yeye mama yake alikufa kabla hajaingia jeshini, na Chalong hamjui wake. Wengine wana mama lakini wanataka vilevile. Wanaomba vipande vinane. Nimewaambia wewe si mama wa mtu, wakanijibu kwamba barua zako wamezisikia kwa masikio yao.

Nimebakiza miezi mitano. Nimeacha kutangulia, tunapokezana sasa, na wote wanatazama chini.

Kamron


Ban Nong Takhian
Tarehe 12 Oktoba 2512

Kamron mdogo wangu, na ninyi wengine wanane,

Najua inasomwa kwa sauti, basi kaeni vizuri msikilize, na Chalong atoe mkono kwenye pilipili.

Barua ilipofika nilikuwa sokoni. Nilisoma mstari wa kwanza nikakaa chini katikati ya ndoo za tambi. Mteja mmoja akadhani nimekufa, akajihudumia. Nilipomaliza nililia, nikacheka, nikawapa watu tambi bure hadi zikaisha, na Mjomba Phin akala sahani tano kwa kusema yeye ndiye anayewachekesha nyote.

Kisha nilikwenda kwa Baba Mtawa Phum na shuka langu la buluu kwenye kikapu. Nilimwambia askari wanane wanalitaka, na mimi sijaolewa wala sijazaa, nifanye nini? Alitaka kujua shuka lina umri gani. Nikasema nilikuwa nimelivaa siku ya kumzika mama, na ndilo nililombebea Kamron mgongoni hadi akaweza kutembea mwendo mrefu. Akasema, "Basi kata. Na ukate kwenye pindo, ndiko kugumu." Nikamwuliza kama atavisomea. Akasema yeye hana cha kuongeza hapo.

Vipande viko tisa, nimeandika majina kwa uzi. Kama vina nguvu au havina, sijui. Ninachojua nimeshawaambia. Sajenti Thawi, umeniinamia kupitia kwa mdogo wangu, nami nakurudishia kwa magoti yote mawili. Ninyi mlimgusa bega kila asubuhi kijana aliyekuwa anatetemeka, na hamkumwacha peke yake porini. Nawashukuru. Mkirudi, njooni kijijini, shuka sasa linaishia magotini na soko zima linanicheka, mje mnitetee.

Kamron, kuanzia hapa soma kimya kimya.

Kizibao hakikuwa ndani ya suruali. Wewe ndiye uliyekitundika, kwa hiyo unajua kilikuwa wapi: kwenye msumari juu ya sanamu ya Buddha, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nilileta kigoda, nikapanda, nikakishusha. Nilijua ninachokifanya tangu mguu wa kwanza. Nilikitia kwenye beseni na mashuka yangu, nikakianika chini yake. Kuna saa nzima nilikaa nakitazama kikidondosha maji mekundu. Nilijua bila kizibao hutathubutu kupanda treni. Nilingoja ukiulizie usiku huo, ukione, upige kelele, unitukane, ubaki.

Hukukiulizia. Ulinikuta nakunja nguo, ukasema asante, ukalala. Asubuhi sikuwa na ujasiri wa kusema na wewe ulikuwa na haraka. Nilimvua kinga mtoto niliyemlea mwenyewe, halafu nikampungia mkono stesheni.

Nawe umejua hilo tangu kwenye treni, maana ulijua msumari. Nikakuandikia uongo wa suruali, ukanijibu huna swali. Nimeusoma huo mstari mara nyingi kuliko ule wa kwamba uko hai. Asante kwa kutoniuliza. Asante kwa kuogopa. Sikujua mtu anaweza kumshukuru mwenzake kwa hilo, lakini ndicho nilicho nacho.

Sasa kunja karatasi. Wakikuuliza nimesema nini, waambie dada yako anataka urudi nyumbani.

Samniang